Chupa ya Tisa

Dalali kapiga simu tena kutoka Dar:
bei imepanda, Shemhilu, uza sasa,
wakusanyaji wanaigombania Sira iliyozeeka
kama viwanja vya Raskazoni.

Mgiriki wa mkonge, alipofilisika,
aliniachia kreti moja ya divai
badala ya mishahara ya miezi minne.
Miaka ishirini na sita chini ya ngazi,
gunia nikililowesha kila asubuhi
joto la Tanga lisizifikie.

Leo Eufrasia kavuta kizibo, kikakatika nusu.
Tukaichuja kwa kichujio cha chai.
Ngozi kuukuu, zambarau, moshi wa mbali.
"Glasi hii," akauliza, "shilingi ngapi?"
Nikaanza kupiga hesabu,
nikaiacha njiani.

Zimebaki tatu.
Simu inatetemeka mezani;
Eufrasia kaifunika kwa bakuli la korosho.