Vipande Viwili

Fundi Nandonde kaleta vipande viwili vya mbao za baraza,
kavilaza juu ya gunia la korosho, uani kwetu Chikongola:
kimoja kijani, kinanuka dawa,
kingine rangi ya chai ya maziwa,
unga wa mbao na plastiki, hakina kifundo hata kimoja.

"Hiki cha plastiki bei yake imesimama,
ila mchwa hana habari nacho.
Cha dawa nacho hakuli,
lakini kila mwaka kinataka mafuta."

Mama hakujibu. Alivua kandambili,
akakanyaga kile cha chai. Saa saba, jua la Oktoba.
Akaruka.
"Kinaunguza kama bati."
Akainama kunusa cha kijani, akapiga chafya.
"Vikichakaa, kipi nitapikia?"
"Hakuna, mama. Vyote moshi wake sumu."
"Kumbe hata kufa hamjui," akaviambia vipande.

Kisha akavigonga kwa kifundo cha kidole,
kama anayebisha hodi.
Cha plastiki kilinyamaza.
Cha dawa kiliitika.

"Weka hiki kinachosema.
Baba yao akirudi usiku wa manane
nataka ubao uniambie
kabla yeye hajaanza kueleza."