Hesabu ya Mabela

Saa tatu usiku, Mabela, nyuma ya msikiti mdogo,
mama anafungua buti la Korola
na harufu ya mishikaki inashuka kabla ya mishikaki.
Meza ya plastiki, mguu mmoja mfupi;
ameutilia bili ya umeme ya mwezi wa saba, imekunjwa mara nne.
Kachori, vibibi, mhogo wa kukaanga,
pilipili ya ukwaju ndani ya chupa ya maji.

Joto halina habari kwamba jua limekuchwa.
Shafikuli, jirani yetu wa matikiti,
amelala juu ya mali yake kama kuku anayeatamia.
Akizinduka hulipiga tikiti moja kofi, husikiliza,
hutikisa kichwa: bado.

Wateja hawashuki.
Wanapiga honi, wanateremsha kioo vidole viwili,
baridi yao isitoroke.
Bikam, hajjia?
Mama anatoa Kiarabu chake cha kulainisha bei:
tatu kwa nusu riali, wallahi, mwanangu, sipati kitu.
Na aliyelia ghali huondoka na sita.

Kisha chenji.
Hapo anageukia pembeni, anakunja vidole,
mia, mia mbili, mia mbili na hamsini,
baisa kwa baisa, kwa sauti ya kigoli
aliyetumwa chumvi dukani, Wete,
shilingi imefundikwa kwenye pindo la kanga.
Miaka arubaini na mitatu yuko hapa.
Anaota Kiarabu, anagombana Kiarabu,
hata mbuzi wa jirani huwafukuza Kiarabu.
Pesa tu ndizo zilizokataa kuhama.

Juzi likaja gari jeupe la baladia.
Kibali chetu kilikwisha Alhamisi; siku ilikuwa Jumapili.
Kijana akatoa kitabu cha faini, kalamu ikakwama,
na mama, bila kuulizwa, akaanza kutoa noti kifuani:
tano, kumi, kumi na tano…
"Ishirini," akamalizia yule kijana,
halafu akatazama chini kama aliyekanyaga kitu.
"Bibi yangu," akasema. "Hivyo hivyo. Na vidole."

Nikadhani ataichana ile karatasi.
Hakuichana. Aliandika riali ishirini, akapiga muhuri,
ndipo akaagiza kachori kumi na mbili.
Mama akazifunga kwenye gazeti, akapokea, akahesabu, akarudisha chenji.

"Na nyongeza, mama?"

"Nyongeza yako," akamwambia,
"umeshaiandika."