Mzinga wa Goti

Kwetu Newala mzinga ni wa nyuki kwanza:
gogo limechimbwa, limepandishwa mtini,
na mtoto anajua asimame wapi, akimbilie wapi.

Ule mwingine babu Nangomwa aliukuta Bama,
kwenye mvua isiyojua kukatika,
kando ya Mjapani aliyelala kifudifudi
kama anayetafuta kifungo topeni.
Kijibomba tu. Ungekificha kwenye kikapu cha mihogo.
Kina ugwe wa kufyatulia, kina shina jembamba,
na chini kabisa kitako cha chuma, kimepinda
utadhani aliyekifua alipima paja la mtu.

"Mzinga wa goti huo," akasema sajini.
Yeye alisikia kwa mwenziwe. Mwenziwe alisikia.
Jina likishapata pa kukaa haliulizwi cheti.

Babu akapiga goti, akaweka kitako pajani,
akavuta.
Kombora likaenda lilikotumwa.
Mfupa nao ukashika njia yake.

Wodini ndipo mkalimani alipomcheka, si kwa ubaya:
kipindo kile ni cha udongo, cha gogo lililoanguka.
Goti ni tafsiri ya mtu mwenye haraka.

Akarudi na koti la Keya, shilingi za kuhesabika,
na mguu uliounga upande.

Sasa kuna hesabu ambayo Keya hawakuiandika.
Maji yetu yalikuwa chini, bondeni,
unashuka ukishika mizizi, unapanda ukishika roho.
Kabla ya vita alikuwa amemwambia bibi Somoe:
tutashuka wawili.
Mguu ulikataa kwenye kona ya kwanza.
Bibi akashuka peke yake, jogoo la kwanza,
akapanda na mtungi jua likiwa utosini,
leo, na kesho, na mimba ya mama yangu tumboni.
Hakumlaumu. Hakusema kitu, ndiyo ilikuwa mbaya zaidi.
Shingo yake iliijua Bama bila kuvuka bahari.

Siku bomba la maji lilipofika uwandani
watu walipiga vigelegele. Babu alilizunguka,
akaligonga kwa fimbo, akainamisha sikio.
"Hili nalo," akamwuliza fundi, "mmeliitaje?"
"Bomba, mzee."
"Na kitako chake kinakaa wapi?"
Fundi akadhani ni utani. "Chini, mzee. Ardhini."
"Umeona mwenyewe, au umeambiwa?"

Bibi alikuwa ameshatanguliza ndoo.