Maili Tatu za Mguu

Newala, mwezi wa saba. Ukungu umepanda kutoka bonde la Ruvuma,
umekaa dirishani kama mgonjwa aliyewahi foleni.
Kazi yangu ni ndogo: kuuliza na kuandika.
"Kuanzia sifuri hadi kumi, Bi Somoe,
sifuri huumwi, kumi huwezi kuvumilia,
goti leo liko wapi?"

Ananitazama kama muuza vyombo aliyebisha hodi saa mbaya.
"Rakaa mbili nasimama," anasema.
"Ya tatu naomba kiti."
Naandika: saba.

Hesabu hiyo sikufundishwa popote.
Kwenye mafunzo, Mtwara mjini, tulipewa soda, karanga
na karatasi yenye mstari wa nyuso, kutoka kicheko hadi kilio.
Bi Somoe aliugeuza ule mstari juu chini,
akauliza mbona hakuna hata uso mmoja wenye nembo.

Yeye anazo, kutoka paji la uso hadi kidevuni,
zilichanjwa kwa ncha ya chuma, zikasuguliwa mkaa,
mama yangu hajazaliwa.
Ndiyo maana siku ya fomu ya ridhaa,
niliposoma kifungu cha nne, *unaweza kuhisi mchomo mdogo*,
alicheka mpaka akashika mbavu,
akabandika dole gumba kabla sijafika cha tano.

Bahasha zilikuwa mia moja na ishirini, zimefungwa kwa gundi.
Nusu, sindano inayoingia.
Nusu, sindano butu, inajifyata ndani ya mpini wake
kama kichwa cha kobe; inagusa ngozi, haipiti.
Nani kapata ipi, sijui. Sitakiwi kujua.
Nyuma ya pazia la kijani anajua Dokta Nantambo peke yake,
aliyesomea Uchina miaka mitano
akarudi na mikono isiyo na haraka.
Mimi nasikia sauti tu:
"Hapa panaitwa Jicho la Goti.
Ukishuka vidole vinne, hapa, Maili Tatu za Mguu."
"Maili tatu ni kutoka kwangu hadi bombani.
Hao Wachina walikuja kupima lini?"

Wiki ya nne, rakaa tatu. Naandika tano.
Wiki ya sita alikuja bila fimbo.
Niliandika mbili, nikaikata kwa mstari mmoja,
nikasaini pembeni kama kanuni inavyotaka, nikaandika tatu.
Niliogopa furaha yangu isije ikaingia kwenye takwimu.

Mzee Chilumba, fundi baiskeli, goti la kushoto: nane.
Nane. Nane.
Kama mtu anayegonga nyumba iliyohamwa.

Mwezi wa kumi na moja minada ya korosho imepamba moto,
hakuna mwenye muda nasi. Bahasha zikafunguliwa.
Makundi yote mawili yamepata nafuu. Pengo kati yao
ni sifuri nukta nne, na kompyuta inasema
huenda hata hiyo ni bahati tu.
Mzee Chilumba alichomwa sindano ya kweli, mara kumi na mbili.
Bi Somoe, butu.

Utaratibu unataka mshiriki aambiwe.
Nilimkuta uani, anabangua korosho,
vidole vyeusi kwa mafuta ya ganda.
Nilimchorea mchangani: mpini, ncha, ncha inavyorudi ndani.
Alinyamaza muda wa korosho tano.

"Kwa hiyo hakunichoma."
"Hakukuchoma."
"Ila alinishika."
"Alikushika. Nusu saa, Jumanne na Ijumaa."
Akapuliza ngozi za korosho kwenye ungo.
"Na mradi ukiisha,
nani atakuwa ananiuliza?"

Fomu ilikuwa mapajani mwangu.
Maoni ya mshiriki yametengewa mistari miwili.
Nikaandika tarehe.

Ilipoadhiniwa Alasiri alitawadha, akaingia ndani,
mlango akauacha wazi.
Sikutakiwa kuhesabu.
Nikahesabu.