Spana ya Don Eleuterio

Usiniulize tarehe, alisema, niulize habari za mabomba.
Mfupi, kofia ya pikipiki kichwani
ingawa pikipiki yenyewe aliiuza zamani.
Nilimbebea mfuko wa spana mwaka mzima
katika Jiji la Mexico, lililokalia ziwa
kama mgeni aliyekalia kitanda cha mwenye nyumba
akasahau kuaga.

Guerrero: bomba la chuma la enzi ya babu yake
hukohoa kwanza, ndipo litoe maji.
Bi Hermelinda katumiminia kahawa ya mdalasini,
katuonyesha ukuta. Ufa umeanzia dirishani
ukateremka hadi kwenye picha ya marehemu mumewe,
ukazunguka fremu, ukaendelea.
"Hata ufa unamwogopa," akasema. "Nilikuwa nadhani ni mimi tu."

Tepito tuliingia kwa miguu, chini ya maturubai ya manjano.
Kila kitu kinauzwa pale, isipokuwa risiti.
Alinunua valvu ya shaba
kutoka kwa mtu aliyemwibia valvu hiyohiyo
mwaka themanini na tisa.
Wakapeana mikono, wakaulizana watoto.
Bei haikushuka hata peso moja.

Huko Roma majumba ya mabwana yameinama
kama watu wanaotega sikio ugomvi wa jirani.
Alitoa gololi mfukoni, akaiweka sakafuni.
Ikaondoka yenyewe,
chini ya kabati, chini ya piano,
ikagonga ukuta: tok.
Mwenye nyumba akanyamaza.
"Ziwa linadai chake," Don Eleuterio akasema,
akaandika ankara.

Nyuma ya kanisa kuu, mita mbili chini,
sululu yangu iligonga kitu ambacho si bomba.
Jiwe jekundu, lenye meno yaliyochongwa.
Hapo ndipo nilipoona upara wake,
maana alivua kofia.
"Hawa walitutangulia kwenye foleni ya maji."
Kisha akapiga simu, kama sheria inavyotaka.
Wakaja wasomi na brashi na kamba nyeupe,
wakalijengea jiwe hema.
Miezi kumi na minne mtaa mzima ulibeba ndoo,
na watoto wakaapa kwamba usiku
jiwe hunywa.

Tlatelolco hakwenda. Alinituma peke yangu.
Dada yake Socorro alikaa pale, ghorofa ya tisa,
hadi alfajiri ile ya themanini na tano
ardhi ilipojigeuza usingizini.
Nilikuta nyasi, benchi,
mtoto akimfundisha mbwa kukaa.
Nilitengeneza nilichotumwa, jengo la pili, koki ya jikoni tu.

Niliporudi alikuwa akipanga spana, ndogo kwa kubwa.
"Bomba la ghorofa ya tisa," aliuliza bila kuinua macho,
"bado linapiga mluzi?"

Linapiga, nikasema.

Akafunga zipu ya mfuko.
"Kesho Iztapalapa. Kule maji huja kwa lori.
Uwahi."