Saa ya Ng'ambo

Mto una upana wa kumrushia mtu ndimu akaidaka,
na ng'ambo yake ni saa moja mbele.
Huku Calais, jimbo la Maine, ni saa nne asubuhi;
kule Kanada saa tano imeshagonga,
mkate umetoka tanuri,
harufu inavuka daraja bila pasipoti.

Sisi tulirudishwa.
Kijana wa mpakani, barakoa ikimpwaya,
aliuliza twendako.
Halifax, nikasema, bandarini,
gari lipakiwe melini, turudi Leicester.
"Safari isiyo ya lazima," akasema,
kwa sauti ya mtu anayesoma kibao.
"Mpaka umefungwa tangu usiku wa manane.
Rudini nyumbani, mkae ndani."

Nikageuza shingo: kitanda, jiko la gesi,
sufuria ya uji ingali na ukoko,
koti langu la udereva limening'inia mlango wa choo.
Mwanangu, ile nyumba ya matofali tuliiuza.
Nyumbani ndimo humu tulimo,
injini inanguruma.

Isiyo ya lazima!
Miaka thelathini na moja nimeendesha basi la usiku,
nikiwafikisha watu kwao,
Shekue akifufua mafriji ya wenziwe,
paundi juu ya paundi ndani ya kopo la kahawa,
kwa ajili ya hii isiyo ya lazima.

Akarudi kinyumenyume daraja zima.
Hakusema neno. Nilimwona akimeza mate.

Kambi zote zilikuwa na minyororo.
Usiku ule tulilala nyuma ya duka la mbao,
na asubuhi mwanamke akagonga kioo kwa fimbo
kisha akarudi nyuma hatua sita:
Verna Thibodeau, mjane, buti za marehemu mumewe miguuni.
Hakuuliza majina.
Aliuliza waya wetu wa umeme una urefu gani.

Siku ya kwanza, supu ya chaza juu ya ua.
Siku ya pili, mayai sita
yamefungwa kwa gazeti lenye hesabu ya wafu.
Shekue alilikunja bila kulisoma.
Usiku wa kuamkia ya tatu theluji ikashuka,
na alfajiri, yameegemea gurudumu,
mabeleshi mawili.

Nilicheka hadi Shekue akanipima homa.
Mgeni siku mbili!
Nani kamfundisha huyu bibi?

Tukazoa. Njia ya Verna, kisha ya jirani
aliyekuwa akivuta pazia kila tulipopita.
Viganja vikachubuka. Pazia
alasiri ile lilibaki nusu wazi, basi,
nusu inatosha.

Zuhena anapiga simu kutoka Leicester:
Mama, huko saa ngapi?
Simjibu upesi. Kuna saa yake,
kuna saa ya uani hapa,
kuna ya ng'ambo, ambako taa huzimwa mapema,
wametutangulia kulala,
wametutangulia kuzeeka kwa dakika sitini.
Na kuna ya marehemu mama yangu kule Tanga,
aliyehesabu siku tangu jua litoke,
hakuhitaji mpaka wa mtu.

Mtungi wa gesi nimeugonga kwa kijiko;
unajibu kutoka chini kabisa.

Leo barafu imeachia udongo.
Verna kaja, hatua sita zimekuwa nne,
anauliza kama najua kupanda viazi.

Nimemuuliza jembe liko wapi.