Bado Kidogo

Fomu iliuliza: thamani yake kiasi gani?
Nikaacha pengo.

Mlango wa kushoto haufunguki tangu mwaka wa volkano,
tulipojibana humo watu kumi na mmoja, na mbuzi,
kuelekea Sake, mbingu nyekundu kwenye kioo cha nyuma.
Baba aliliita Mzee. Akilisemesha kila mlima:
haya, Mzee, bado kidogo.

Dada Kavugho wa kituo cha uzazi, kule Ndosho,
alilizunguka mara moja, akapiga tairi teke.
"Taa?" Moja.
"Breki?" Ukizizoea.
Akacheka, akanyoosha mkono.
Nikampa funguo na kile kipande cha waya
cha kuliwashia asubuhi za baridi.

Uani pamebaki doa la oili juu ya jiwe jeusi.
Kuku hulikwepa.

Jana, saa nane usiku, honi iliyokauka koo
ilipita barabara ya mawe ikiomba njia.
Niliijua.
Kuna mtu humo, uchungu umembana,
amekamata mlango usiofunguka.
Nikajikuta nimesimama gizani, napapasa msumari
tulipotundika funguo,
nikisema: haya, Mzee,
bado kidogo.